Boksi la Ijumaa

Watu walimwita Mapema, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwaonea huruma wanaochelewa. Asubuhi ile huruma ilimshika mlangoni pa fundi cherehani, aliyekuwa akiipangusa simu yake na kuguna, "Niibadilishe sasa au ningoje?"

Mapema akaingia na kutoa simu mpya inayong'aa. Ndicho kitu pekee alichowahi kununua kihalali, tena kwa bei ya kuumiza, na bila hiyo hakuwa na kazi.

"Dada, hii itaanza kuuzwa Ijumaa. Mimi nagawa mapema. Nipe hiyo yako, nakupa boksi lenye mpya kama hii."

"Nikisubiri, bei si itashuka?"

"Itashuka, na ya kwako pia. Ijumaa hiyo hata mtoto hataitaka ya kuchezea."

"Na boksi nafungua lini?"

"Ijumaa hiyo hiyo. Ukifungua kabla, kampuni inaizima simu huko huko ndani."

Alilisema hilo kwa uso wa mtu anayesoma wosia. Uongo huo aliupenda sana, maana ulimpa muda wa kuhama mtaa.

Fundi akakubali, akapokea boksi. "Ila ngoja hii yangu niishonee mfuko, kioo chake ni laini. Na hiyo yako nzuri nayo itachubuka. Lete nipime, ni zawadi."

Mapema hakuwahi kukataa cha bure, ugonjwa ule ule aliokuwa akiwatibu wenzake. Akampa simu, akakaa kwenye benchi akijipepea. Fundi akamgeuzia mgongo, cherehani ikalia, na punde akamkabidhi mifuko miwili iliyoshonwa pande zote.

"Gundi ya ndani haijakauka, kaka. Usifungue mpaka jioni, utaharibu kioo."

Mapema aliondoka akicheka kimoyomoyo. Lakini kwa kinyozi wa jirani alihitaji chambo chake, na jioni ilikuwa mbali. Akafumua mshono. Kikadondoka kipande cha sabuni ya kufulia. Akafumua wa pili: sabuni. Ile ya kwanza aliitambua mara moja, ndiyo anayonunua kwa ajili ya maboksi yake.

Alirudi mbio. Boksi lilikuwa juu ya meza ya kukatia, bado limefungwa, na wateja wamejaa kwenye benchi.

"Dada, simu yangu!"

"Ipo. Mdogo wangu alichukua boksi kwako juzi, mtaa wa pili, uvumilivu ukamshinda, akalifungua. Nimekurudishia sabuni yake na kukuongezea ya kwangu." Akamsogezea boksi. "Haya, fungua mbele ya hawa. Simu ikiwemo, chukua zote mbili."

Wateja wakasogea karibu. Mmoja wao, mbeba mizigo mwenye mikono minene, akasimama kabisa mlangoni. Mapema akalisukuma boksi pembeni.

"Halifunguliwi kabla ya Ijumaa," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi tusubiri wote, kaka," fundi akasema, akaitia ile simu inayong'aa kwenye droo na kuzungusha ufunguo. "Haraka ya nini? Bei itashuka."