Mtaalamu wa Malimau wa Handsworth

Xavier alinusa pesa kabla hajanusa chai. Alikuwa amejipenyeza kwenye ukumbi wa kanisa pale Handsworth kwa ajili ya chai ya bure baada ya ibada, akakuta watu wazima, wengine wenye shahada mbili, wakigombana juu ya malimau.

Sikukuu ya Malimau ilikuwa imekaribia. Hiyo ni sherehe ya kila mwaka ya kumshukuru Mungu kwa mavuno ya malimau ya Birmingham, mji ambao Mungu huyohuyo hajawahi kuupa jua la kuivisha hata nyanya. Waumini, Wakenya na Wakongomani, hupanda milimau kwenye vyungu sebuleni, karibu na hita, wakaisemesha na kuipangusa vumbi kama watoto wachanga. Majira ya baridi yakielekea kwisha, huibeba hadi ukumbini ikahesabiwe matunda. Mavuno yote ya mwaka uliopita yalienea ndani ya kofia moja. Kamati ya maandalizi haikuenea ndani ya basi dogo. Mwenye mti uliozaa kuliko yote hupewa kikombe na kuitwa Mlezi wa Malimau mwaka mzima, cheo kisicho na kazi wala mshahara, na ndiyo maana watu walikuwa tayari kung'oana macho kwa ajili yake.

Siku hiyo waliokuwa wakitazamana kwa ubaya ni Nyambura, nesi mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, na shemasi Norbert, aliyeamini kwamba Mungu alimleta Uingereza kutoka Goma hasa kwa ajili ya kikombe hicho.

"Ule mti wako ni wa plastiki," Nyambura alisema.

"Mama, wa kwako hauzaaki hata jani," Norbert akajibu kwa upole wa kishemasi.

Kuna watu wakiona ugomvi huamulia. Xavier aliona soko. Akamalizia chai yake taratibu, akaweka sawa koti lake la ngozi, akamfuata Nyambura hadi kwenye gari.

"Dada Nyambura, sipendi kujigamba, lakini mimi nimesomea kilimo. Kuna dawa ya kuzalisha limau. Ila siuzi ovyo. Nikikupa wewe, mwingine hapati."

"Na inafanya kazi?"

"Siste, mimi naogopa tu usije ukakosa mahali pa kuyaweka."

Jioni hiyohiyo alikuwa sebuleni kwa Norbert akiapa maneno yaleyale, isipokuwa kwa Norbert aliongeza kwamba dawa imeombewa. Ile iliyoombewa ilikuwa ghali zaidi.

Dawa yenyewe ilikuwa maji ya bomba, majani ya chai na manjano kidogo ya kuipa heshima. Ilikuwa na sharti moja tu: asubuhi ya sikukuu, mtaalamu aachwe peke yake na mti, mlango umefungwa, kwa sababu mlimau una haya. Asubuhi hiyo Xavier alipita Soho Road, akanunua mfuko wa malimau, akazunguka nyumba mbili na waya mwembamba mfukoni.

Nyambura alipofungua mlango wa sebule yake, alisimama akiwa ameduwaa.

"Lakini jana usiku haukuwa na kitu!"

"Dawa huchelewa, dada. Halafu huja yote kwa pamoja."

Mwanamke huyu, ambaye kazini hampi mgonjwa kidonge bila kusoma karatasi mbele na nyuma, hakuuliza swali la pili. Norbert naye aliinua mikono kumshukuru Bwana, kisha akafunga pazia haraka ili majirani wasiuone muujiza huo kwa karibu.

Sikukuu ikaanza. Watu waliomba, wakahutubia, wakaomba tena kwa ajili ya waliohutubia. Miti ya Nyambura na Norbert iling'aa mezani kama taa za Krismasi, na wenyewe walikaa wakitoana jasho kwa macho. Mwenyekiti alipokuwa akieleza maana ya limau katika maisha ya Mkristo, limau moja likachomoka kwenye mti wa Norbert, likabiringika, likasimama mbele ya mguu wa mwenyekiti huyo. Lilikuwa na stika. Mwenyekiti akaliokota na kuisoma kwa sauti, jinsi alivyozoea kusoma matangazo.

"Hispania," akasema.

"Mungu iko na njia mingi," Norbert alinong'ona.

Nyambura akacheka. Akacheka mpaka akaegemea meza, meza ikatikisika, na malimau yake yakaanza kudondoka moja baada ya jingine, waya na stika vikiwa mahali pake. Nyambura na Norbert wakageuka kumtazama Xavier, midomo wazi, na midomo ikabaki wazi vilevile. Ili wamshtaki, ilikuwa lazima wajishtaki kwanza. Kamati ikaomba faragha. Xavier akaanza kuutafuta mlango.

Hapo ndipo mzee mmoja wa Kisingasinga, suti ya bluu na kilemba cha bluu, alipomshika kiwiko. Alijitambulisha kwa Kiingereza: aliitwa Gurdip, mwenye mkahawa Harborne. Wateja wake siku hizi walitaka kila kitu kilichokua jirani, na limau lililozaliwa Birmingham lilikuwa dhahabu. Akanyoosha kidole kuelekea mwisho wa ukumbi. Pale ulisimama mlimau ambao Xavier hakuwa ameugusa, wa Rosalie, Mama Bukavu mwenye duka la vitenge Sparkhill, mwanamke aliyesifika kwa kuwauzia wateja vitambaa walivyokuja kurudisha. Mti ulikuwa umelemewa na matunda. Na si matunda ya dukani: madogo, yenye makovu, mengine bado ya kijani upande mmoja. Xavier, ambaye wiki nzima alikuwa mtaalamu, aliyaamini kwa jicho la kitaalamu.

"Amekataa kuniuzia," Gurdip alilalamika. "Anasema hauzi nje ya kanisa. Wewe ukiupata, Jumatatu niletee. Bei utataja mwenyewe." Akampa kadi yenye anwani.

Wakamwendea Rosalie jikoni, Gurdip akasimama pembeni akitabasamu kama mgeni asiyeelewa lugha.

"Papa, siuzishe," Rosalie alisema. "Ile mbegu ilitokaka kwa mama yangu. Vraiment, kweli kabisa, nitalia."

"Mama, niuzie mimi, ubaki ndani ya familia. Huyu mzee usimjali, ni fala tu. Anadhani pesa huota kwenye miti."

Rosalie alipatwa na kikohozi kirefu. Kisha akalia, machozi kabisa. Akakubali pesa zote za dawa ya malimau, na alipoona bado ana uchungu, akakubali na koti la ngozi.

"Usiishikeshike, papa. Iko na haya."

Xavier alikuwa ameshafika mlangoni, chungu kifuani, hakusikia.

Jumatatu alikwenda Harborne bila koti, kwenye upepo wa kukata masikio. Anwani ya kadi ilimpeleka kwa dobi. Dobi hakuwa na habari ya mkahawa, wala ya Gurdip, ila alimwonyesha kwamba mti wake unadondosha vitu. Xavier akainama. Kila limau lilikuwa limechomekwa kwa kijiti cha meno, kimepakwa rangi ya kijani, kimezamishwa kwa ustadi ambao waya wake usingeufikia hata siku moja. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi ilikuwa nzuri.

Basi la kurudi lilipofungua mlango, dereva alikuwa na kilemba cha bluu.

"Ingia basi, ndugu yangu," Gurdip alisema kwa Kiswahili safi cha Kisumu. "Unashikilia watu."

"Wewe... unajua Kiswahili?"

"Nimezaliwa Kondele. Rosalie alikuona Soho Road ukichagua malimau kama anayechagua mchumba. Sasa huyu fala akuombe radhi?"

Xavier angeenda polisi aseme nini? Kanisani je? Akalipa nauli, akaketi, chungu mapajani.

Kwenye kiti cha pembeni yake alikaa mama mmoja mwenye sare ya watunza wazee, jina Edah limeandikwa kifuani. Aliuangalia mti kwa hamu.

"Kaka, umesema Kiswahili na dereva. Huo ni mlimau? Unauza?"

Xavier akavuta pumzi, ulimi ukajiweka tayari. Kisha akaona macho ya Gurdip kwenye kioo, na uchovu wa wiki nzima ukamshukia.

"Chukua tu, mama. Ni bure. Matunda ni ya kuchomekwa, lakini mti wenyewe ni mzima. Uweke karibu na hita."

Edah alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Bure?" akasema, akikumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. "Bure, hapa Birmingham? Wewe mwanamume, unaniona nilishuka ndege jana?"

Akanyanyuka, akaenda kukaa karibu na dereva.