Malalamiko Dhidi ya Mafundi Viziwi Wanaokataa Kutetewa

Ndugu Meneja,

Kwa heshima zote na moyo mzito, mimi karani wa stoo, ambaye pia ni Mwenyekiti wa kujitolea wa Kamati ya Marafiki wa Viziwi hapa kiwandani, naleta malalamiko juu ya mafundi cherehani sita, viziwi, walionichosha kwa kukosa ushirikiano katika kutetewa kwao.

1. Niliandaa hotuba juu yao wiki nzima, nikaitoa kwa dakika arobaini. Mkalimani wa lugha ya alama nilimwomba akae pembeni, maana mikono yake ilikuwa inawatoa watu kwenye maneno yangu. Ukumbi mzima ulifuta machozi. Wao sita walikuwa wanatazama saa.

2. Wanataka taa. Taa nyekundu, ya kuwaka na kuzimika kila kengele ya moto inapolia, kwa kuwa kengele hawaisikii. Hilo naelewa, mimi si mtoto. Ila fungu la taa kamati ilishalimaliza kwa fulana zilizoandikwa "Mimi Ndiye Sauti Yao". Niliwapelekea saizi zote. Wanafutia mafuta ya cherehani.

3. Kiongozi wao, fundi wa meza ya tatu, ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tumbo moja. Kaniandikia kikaratasi mbele za watu: "Shemeji, keti kidogo. Tuulize sisi." Niulize nini, jamani, wakati viziwi nawajua tangu nilipooa? Niliumia. Na nyumbani sasa napakuliwa chakula kimya kimya, kama mpangaji.

4. Eti mwenyekiti awe kiziwi. Tukiwachekea katika hili, kesho watataka na kamati yenyewe iwe yao.

Kwa hiyo naomba wapewe onyo la maandishi, wahudhurie semina yangu ya shukrani, na taa isubiri hadi watakapojifunza kuiomba kupitia kwangu.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na mama watoto.

Ni mimi, mtetezi wao wapende wasipende,
Karani wa Stoo

Nyongeza: Samahani, barua imechelewa siku mbili. Juzi stoo ilishika moto nami nimechomeka spika za simu masikioni, narudia kusikiliza hotuba yangu. Kengele ililia, sikuisikia. Shemeji ndiye aliyeona moshi, akaingia, akanikokota kwa kola mpaka nje. Tafadhali taa ziwekwe leo hii. Waanze na stoo.