Kichwa Cheupe kwa Arusi ya Pascaline

Ijumaa, 2 Agosti 2013

Leo Apolline amenikata weusi wa mwisho wa nywele. Apolline ni jirani, ndiye anatufundisha bamama wazee kusoma na kuandika nyuma ya kanisa. Miaka kumi na tano ya rangi, kwisha! Niliiacha tangu Pasaka, masikio yalipovimba kama mandazi. Mto wangu wa kulalia ulikuwa mweusi kuliko sufuria.

Nimejitazama katika kioo. Nyeupe! Isipokuwa mbele, fasi moshi wa kuni unapopiga. Hapo ni manjano. Manjano ya jino la mvuta tumbaku.

Haifai. Arusi ya Pascaline ni tarehe kumi na saba, Mbarara. Na kwetu, baada ya pete, koko wa bibi arusi, mzaa baba au mzaa mama, anamwekea mkono kichwani na kumpa neno la kwenda nalo. Koko mmoja tu, aliye mkubwa. Pascaline anao wawili: mimi, mama wa marehemu baba yake, Gad, na Marthe, mama wa marehemu mama yake. Nani mkubwa? Waliotuzaa hawakuandika. Tulipokimbia vita Uvira, Kongo, na kuandikishwa hapa Nakivale, Uganda, kila asiyejua siku yake alipewa tarehe moja mwezi wa kwanza. Karatasi yangu inasema 1/1/1948. Ya Marthe, 1/1/1948. Pasta Kabanda ameziweka pamoja, amezigeuza, amezitazama hata nyuma. Amesema familia itakaa Jumapili ya tarehe kumi na moja, na kwamba watu wana macho.

Macho! Macho hayo yameniona kijana miaka kumi na tano. Kosa langu, najua.

Lakini mtoto huyo alifika hapa mgongoni mwangu. Mwaka wa tisini na sita, ana miaka mitano, mzito kama gunia la mihogo, njia nzima analilia kiatu kilichopotea. Marthe alikuja miaka sita nyuma yetu, kwa lori, amekaa.

Mkono ni wangu. Lazima kichwa kiwe cheupe.

Jumapili, 4 Agosti

Kanisani. Marthe amevua kitambaa asubuhi saa tatu, eti joto. Hata mbuzi walikuwa wanatetemeka. Nywele zake ni unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili. Watoto walimtazama yeye, hawakumtazama pasta.

Nje akanishika mkono vizuri, mbele ya watu, akasema, "Mama Gad, pole na kuzeeka kwa ghafla."

Nilimjibu kwamba mimi nimezeeka zamani, nilikuwa tu sijamwambia mtu. Watu walicheka. Walicheka upande wake.

Tena nywele zangu zimekauka. Zinasimama kama brashi ya kusugua viatu. Nimezishika leo jioni, zimenichoma kidole.

Jumanne, 6 Agosti

Mbarara! Pascaline alikwenda kupima gauni, nikamfuata. Alipoingia kwa fundi, mimi nikaponyokea Kakoba, kwa Kellen mwenye saluni. Kellen ni Mnyankore, mikono laini, hajui kuficha neno.

Alinishika kichwa kama mtu anayechagua nanasi. Akasema, "Mama, hii nywele iko mzuri sana. Wewe ndiyo nasumbua yeye. Osha mara moja kwa wiki, sabuni ya pole, si ya nguo. Mafuta kidogo, ile ya maji-maji, haina rangi. Ukipika, funga kichwa. Halafu ngoja."

Nikamuuliza kungoja mpaka lini. Akasema miezi mitatu, minne. Nikamwambia nina siku kumi na moja. Akacheka, akaniuzia kungoja kwake bure, na chupa ya mafuta akaiweka mbele yangu. Sikuinunua. Mafuta? Mama wa Uvira afundishwe mafuta? Nyumbani nina jerikani.

Pascaline alinikuta kwenye kona, akaniuliza nilikuwa wapi. Nilimwambia kukojoa. Alisema anataka kuniambia jambo moja la arusi. Nikamwambia aseme siku nyingine, nina haraka. Nilikuwa na haraka kweli.

Alhamisi, 8 Agosti

Mafuta ya mawese. Yale mazito, mekundu, yametoka Uvira kabisa. Mawese yalinikuza ngozi, yalimponya Gad upele, yanalainisha hata sombe ya jana, majani magumu ya muhogo. Yatashindwa na nywele?

Nimepaka vikombe viwili. Nimefunga kitambaa, nimekaa juani mpaka saa nane. Sisimizi wamekuja. Paka wa Apolline amekuja. Nimevumilia.

Nimefungua. Nimeosha mara tatu.

Ulaini, sijawahi! Kama manyoya ya kifaranga. Na rangi ni ya kifaranga vilevile. Hapana, zaidi. Ni soda ya machungwa.

Apolline amechungulia juu ya ua, akaniuliza kama nimeanza kushabikia timu fulani.

Ijumaa, 9 Agosti

Sikulala, lakini nimefikiri. Shati za Pasta Kabanda zikiwa manjano, mke wake anafanya nini? Anatia bluu ya kufulia, shati zinang'aa mpaka zinaumiza macho. Nywele na shati, tofauti ni vifungo tu.

Nimenunua pakiti. Nimesoma mwenyewe, herufi kwa herufi, peke yangu: ki-do-go ka-ti-ka be-se-ni. Nimefurahi sana kuweza kusoma. Halafu nimetia pakiti nzima. Kidogo ni kwa shati. Hiki ni kichwa cha mtu.

Saa sita mchana. Sijui niandike nini. Wekundu wa mawese na bluu vimekutana juu ya kichwa changu, vimeelewana. Vimezaa weusi! Weusi wa matope, na kijani kidogo nyuma ya masikio. Nimerudi kijana. Nimekuwa kijana kuliko nilivyokuwa na rangi.

Nilipotoka kumwaga maji, mwanaume wa baiskeli akaniita dada.

Nimeingia ndani nikalia. Kidogo, katika beseni.

Jumapili, 11 Agosti

Kitambaa nimefunga mafundo matatu. Marthe aliniuliza kama sisikii joto. Nilisema sikio linauma.

Baada ya ibada familia ikakaa kwa Pasta Kabanda. Chai, mkate, maneno ya lori la kutupeleka Mbarara. Halafu pasta akasema tuombe kabla ya kufika kwenye neno la makoko. Niliomba kwa nguvu. Niliinama, niliinuka, niliinama tena. Mafundo yote matatu yalikuwa mbele. Kitambaa kikatelezea nyuma.

Nilifumbua macho. Hakuna aliyekuwa amefumba.

Marthe akasema polepole, "Kumbe umerudia rangi."

Nilieleza. Nilieleza vizuri, tangu jerikani mpaka pakiti. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyotazama chini. Mama mmoja alitoka nje akicheka, akaanguka juu ya viatu vyetu. Pasta Kabanda akasema si dhambi mtu kupenda ujana. Akasema tena neno la makoko limekwisha kujulikana, litasikika siku yenyewe.

Limekwisha kujulikana! Basi ni Marthe.

Nimerudi kwa miguu, mbele ya wote, ili wasinione uso.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeamua: wembe. Mbele nilimaliza mwenyewe. Nyuma mkono haufiki. Nilikuwa hivyo, nusu kipara nusu matope, Marthe akaingia bila kubisha. Alikuja kupeleleza, simfichi.

Alinizunguka, akatazama mbele na nyuma. Halafu akaweka kikapu chini, akasema, "Lete huo wembe, utajikata shingo, na mimi ndiye nitaambiwa nimekuua."

Akaninyoa nyuma. Mkono mwepesi, nakubali. Alipofika kwenye kijani, tumbo lake likaanza kutikisika, nikalisikia mgongoni. Nikamwambia acheke kwanza, anyoe baadaye. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka na mimi. Tulimkumbuka Gad na mkewe, walivyokuwa wanagombania kitanda cha kamba, kila mmoja anataka upande wa ukuta. Hatujawahi kuwakumbuka pamoja tukicheka. Miaka yote hiyo.

Alipoondoka ndipo nikaelewa. Mwenye nywele sasa ni yeye peke yake! Amenishinda kwa wembe wangu mwenyewe. Mwanamke hatari.

Tena jambo lingine. Kwetu mama akinyoa kipara ghafla, kuna aliyekufa. Jioni wamekuja watu watatu kunipa pole, na mmoja alibeba sukari. Nilimweleza hakuna msiba. Akasema jikaze, mama.

Sukari sikurudisha. Angeumia.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika Mbarara, kwa wazazi wa Meddy, bwana arusi. Baba yake ni mwanajeshi wa kambi, amepanga hata wageni kwa mistari. Lazima niandike leo.

Kanisa limejaa. Kichwani mwangu nywele zimechungulia siku tatu, kama chumvi iliyomwagika, na juu yake kitambaa. Nilikaa mstari wa nne, nyuma ya mama mnene, nisionekane. Marthe mstari wa kwanza. Unga wa muhogo wote nje.

Pete zikaisha. Pasta Kabanda akaita koko wa bibi arusi. Marthe akasimama. Nikamwona mgongo wake umenyooka, nikasema moyoni, bon, angalau amependeza.

Hakwenda mbele. Aligeuka, akanitafuta kwa macho, akasogea kunipisha.

Sikuinuka. Niligeuka nyuma kutazama nani anapishwa. Basi Pascaline akashuka mwenyewe, na gauni lake refu lile, akapita mistari mitatu, mama mnene akabanwa na kitambaa cheupe mpaka puani. Akapiga magoti mbele yangu. Akasema kwa sauti, kanisa zima likasikia:

"Koko, tangu mwanzo wa mwezi nimewaambia wote ni wewe. Hata Koko Marthe nilimwambia. Ni wewe tu hukutaka kusimama nikuambie. Kila nikianza, unakimbia na kichwa chako."

Halafu akanifungua kitambaa, akakibusu kipara.

Nilikuwa na neno refu. Nimelifanyia mazoezi wiki mbili, lina Sara ndani na Rebeka. Lilipotea lote. Nilimwekea mkono kichwani nikasema: "Kula kabla hujagombana. Ukichoka, sema umechoka. Ukipoteza kiatu, usilie, njoo nikubebe."

Pascaline akalia. Meddy akalia, na baba yake mwanajeshi akatazama dari. Nikamwita Marthe. Akaja, akaweka mkono wake juu ya wangu.

Juu ya wangu. Unaogusa kichwa ulikuwa huu.

Tumecheza mpaka jua limeshuka. Kellen wa saluni, niliyemwalika siku ile, alikuja na zawadi, akanipapasa kichwa, akasema, "Eeh, mama! Sasa hii ndiyo nywele." Nilimwambia ni siri yetu ya Uvira.

Jumatatu, 19 Agosti

Nyumbani. Bamama wamepita kuniangalia tangu asubuhi. Wote wanasifu weupe. Unaota sawasawa, hauna manjano, juani unameta. Wawili wameniuliza ninatumia nini. Nimewaambia waje kesho, nitafikiri kitu.

Apolline anasema nione sasa, nywele hazikuwa na kazi yoyote katika jambo hili. Apolline ni mwalimu mzuri, lakini ni kijana. Ni kipara ndicho kilimwonyesha pasta umri wangu. Kila mtu aliona.

Lakini kuna jambo lilinipita, limenijia leo wakati wa kupepeta maharage. Pale kwenye sherehe, nani aliletewa kiti chenye mto? Marthe. Nani aliletewa sahani ya kwanza, paja la kuku limelala juu ya wali? Marthe. Mimi mwenye arusi nilikula ya ishirini na tatu, shingo. Na kwa nini? Goti! Lile goti lake linalouma. Akisimama tu, vijana wanne wanamkimbilia.

Mwezi wa kumi kuna arusi nyingine, Ngarama. Tumealikwa wote wawili.

Kesho naanza kuchechemea. Polepole, watu wazoee. Nimechagua mguu wa kushoto. Wa kulia ninauhitaji kwa kucheza.