Sindano ya Mkono Usiouma

Jumatatu, 3 Novemba
Kiwiko cha kulia kinawaka moto. Na Jumamosi ndiyo siku yenyewe! Kamati ya mtaa itachagua mwandiko mmoja tu wa kuchongwa kwenye kibao cha banda jipya la bustanini. Utakuwa wangu. Miaka sita sasa, kila asubuhi, naandika kwa maji juu ya sakafu ya bustani, brashi ndefu kama ufagio. Watu husimama kutazama. Qiao, yule muuza nyama mstaafu, ameanza juzi tu na tayari anajiona.
Nimekwenda kwa Daktari Miao, yule msichana wa tiba ya sindano za Kichina. Akanikunjisha mkono, akatafuta pale mkunjo unapoishia, upande wa nje. Panaitwa Dimbwi la Kiwiko. Anasema pakichomwa sindano hutuliza kiwiko, homa, mwasho, hata presha. Safi. Kisha akachoma mkono wa KUSHOTO! Nikamwambia, "Binti, umekosea mkono." Akasema unaouma hutibiwa kupitia mwenzake, nitulie. Nitulie!

Jumanne, 4 Novemba
Maumivu yamepungua. Bahati tu. Mke wangu Guizhen anasema ni sindano. Guizhen anajua nini? Nimepata akili. Kesho nitamwambia daktari unaouma ni wa kushoto, naye atachoma wa kulia mwenyewe. Mimi si mtu wa kuchezewa.

Jumatano, 5 Novemba
Balaa. Daktari akabonyeza kushoto, nikapiga yowe. Yowe zuri, wagonjwa wawili wakaamka. Ghafla akabonyeza kulia. Yowe la pili halikuwa la kuigiza. Akasema basi, mikono yote miwili imeumia. Sindano kushoto, sindano kulia, na majani makavu ya pakanga, dawa ya kuchoma, yakifuka moshi juu yake. Na nisishike brashi siku kumi!
Nilitaka kukiri. Lakini kitanda cha pili kalala nani? Qiao, kaja kutibiwa presha. Nikafunga mdomo. Akasema, "Pole, Mzee Ruan. Sasa nani atakulisha?"

Jumamosi, 8 Novemba
Nimekwenda hivyo hivyo. Guizhen kaficha brashi yangu, nikaazima. Herufi ya kwanza, maridadi. Ya pili, mkono ukagoma, brashi ikaniponyoka na kumlowesha viatu mwenyekiti wa kamati. Kachaguliwa Qiao. Imeniuma, sitajidanganya. Nimelia kidogo nyuma ya banda.

Jumapili, 9 Novemba
Qiao kaja na machungwa. Hakuondoka upesi. Eti mwezi uliopita naye kiwiko kilimsumbua, Daktari Miao akamchoma mkono mwingine, akatulia, kikapona. Hata mkewe, goti la kushoto lilipouma, alichomwa kiwiko cha kulia.
Guizhen akanitazama, akauliza kama nimesikia.
Nimesikia sana. Kesho naingia kliniki nikichechemea. Goti la kushoto.