Ng'ombe wa Jina

Jumatatu, 2 Mei
Mke wangu Derbel amejifungua! Mtoto wa kiume, anapiga kelele kama baragumu. Derbel anataka aitwe Somairle, jina la baba yake. Nimekataa katakata. Baba mkwe ana ng'ombe wawili tu na ulimi mkali. Mfalme akipata wajina hutoa zawadi, ndiyo mila yetu hapa kisiwani. Mwaka jana jirani Torfinn alipata ng'ombe wa maziwa kwa njia hiyo, na tangu hapo anatembea kifua mbele. Sisi nyumbani hatuna hata tone la maziwa, na mzazi anahitaji nguvu. Mfalme wetu ni Gofraid. Basi, mwanangu ni Gofraid. Najipongeza.

Jumatano, 4 Mei
Balaa! Nimeingia ukumbini nimembeba Gofraid, nimevaa joho la kuazima. Kwenye kiti kakaa Ragnall! Kampindua binamu yake alfajiri. Gofraid kakimbilia Dublin. Ragnall akauliza mtoto anaitwa nani. Watu wenye mashoka wakanitazama. Nikajibu Ragnall, bwana mkubwa, tena tangu tumboni. Akacheka, akasema nirudi Jumamosi nichukue ng'ombe. Mimi ni mtu hatari!

Jumamosi, 7 Mei
Ukumbi umejaa akina Ragnall. Wengine wananyonya, wengine wanatambaa, mmoja ana ndevu. Torfinn naye kaja na yule yule Gofraid wake wa mwaka jana! Nikamwambia hana haya. Akanijibu, "We Lagmann, hebu jitazame kwanza."

Kabla ya zawadi, kelele ufukweni: Gofraid karudi na merikebu za Dublin. Ragnall akatoroka kwa mlango wa nyuma. Sote tukaapa watoto wetu ni akina Gofraid, hata yule mwenye ndevu. Mfalme akatutazama kwa uchovu, akatugawia samaki mmoja mmoja. Mkavu. Nusura nilie.

Jumapili, 8 Mei
Kumbe padri alishambatiza mtoto tangu Jumanne, nilipokwenda kuazima joho. Somairle! Nimenuna asubuhi nzima.

Mchana baba mkwe kaja, anachechemea, machozi yanamtoka, anavuta ng'ombe na ndama nyuma. Kasema mama wa wajina wake hatakunywa maji matupu. Kanipita bila salamu. Derbel kacheka hadi kashika ubavu. Nimekunywa vikombe vitatu. Maziwa matamu! Mtoto kalala kifuani kwangu, kipara kama babu yake. Nimeridhika, nasema kweli.

Alhamisi, 12 Mei
Derbel anasema tumshukuru Mungu, tutulie. Nashukuru. Lakini nimemtazama sana yule ndama. Dume, mzuri, bado hana jina. Mila inataka mtoto wa nyumba apewe jina la mfalme. Haisemi mtoto wa nani.

Kesho nampeleka ukumbini. Nimemwita Gofraid. Na nikimkuta Ragnall kitini, si neno: ndama hajabatizwa.