Kichujio cha Kidole

Jumatatu, 1 Julai
Wiki ya mwisho ya mafunzo ya maabara hapa mjini Hsinchu. Kisanduku changu kimekamilika: amplifaya ya kukuza sauti, pamoja na kichujio cha kuondoa mngurumo wa umeme. Kila kiungo nimekichomelea mwenyewe. Solda zangu zinang'aa kama shanga! Ijumaa Mwalimu Ku atapima visanduku vyote na kuchagua msaidizi mmoja wa maabara kwa majira yote ya joto. Nafasi hiyo ni yangu. Sijamwambia mtu. Mimi huwa siambii watu kitu.

Jumanne, 2 Julai
Nimekiwasha. Kinakuza. Kinakuza hasa mngurumo. Tseng Pei-ling, jirani yangu wa meza, akauliza kama nimefuga nyuki humo ndani, na kama asali itakuwa tayari Ijumaa. Wote wakacheka. Nikatafuta jibu kali. Nimelipata jioni, kwenye basi. Mwalimu Ku akasema bati la kisanduku ni lazima liungwe na waya wa ardhi, ule unaoupeleka mngurumo ardhini. Sawa, lakini waya huo unapita chini ya kila kitu changu. Nitalazimika kubandua solda sita. Zile zinazong'aa! Haiwezekani.

Jumatano, 3 Julai
Ugunduzi! Nikigusa bati kwa kidole, mngurumo unakatika. Nikiondoa, unarudi. Nimerudia mara thelathini, kisayansi kabisa. Waya wa nini, mtu akiwa na kidole?

Alhamisi, 4 Julai
Asubuhi nimefanya mazoezi nyumbani: kusimama wima, uso mtulivu, kidole juu ya sufuria ya umeme ya wali. Mama akauliza wali umenikosea nini. Nikasema najiandaa kwa mtihani. Akasema basi nijiandae na vitunguu pia, vile pale, vinasubiri kukatwa.
Maabarani, Pei-ling akanisogezea kipande cha waya. Akasema chukua bibie, usione haya, nyuki nao walale. Nikamshukuru kwa adabu, nikamrudishia. Nina hadhi yangu.

Ijumaa, 5 Julai
Mwalimu Ku akachomeka maikrofoni, akahesabu moja mpaka kumi. Sauti safi, kila neno! Kidole mahali pake. Kwenye skrini ya kipimo chake, hakuna hata chembe ya mngurumo. Akasema hajapata kuona kazi tulivu namna hii, wala mwanafunzi mtulivu namna hii. Nikainamisha kichwa. Kidole hakikutikisika. Kifua kilinijaa mpaka nikahofia vifungo vya shati visikatike.
Ndipo akachukua fomu ya msaidizi, akaninyooshea kwa mikono miwili.
Nani hupokea kitu cha mwalimu kwa mkono mmoja? Mikono yangu ilikwenda yenyewe, yote miwili. NGRRRRR! Vioo vya dirisha vikatetemeka. Pei-ling akatangaza kwamba asali imeiva, kila mtu alete chupa.
Mwalimu Ku akaiomba fomu yake. Nikamrudishia, kwa mikono miwili. Akaipokea, kwa mikono miwili. Kisha akasema taratibu, mwanangu, kinachokosekana ni waya mmoja tu, kazi ya dakika tano. Niende nacho nyumbani nikauunge. Jumatatu atanipima tena, na fomu itanisubiri mezani kwake.

Jumapili, 7 Julai
Siku mbili nimekaa na kisanduku mbele yangu, nikifikiri. Waya mmoja, dakika tano. Ni mwema sana Mwalimu Ku, lakini hakuona kiini cha tatizo. Kisanduku hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mikono!
Saa tisa alasiri nimekishusha chini ya meza, nikavua soksi, nikajaribu. Kidole gumba cha mguu kinakata mngurumo vizuri kuliko cha mkono. Mara thelathini, bila kukosa. Sidhani kama kuna mtu Hsinchu nzima aliyewahi kuligundua hili.
Kesho nitaipokea fomu kwa mikono yote miwili, kwa heshima zote. Nitavaa ndala.