Mfalme Nje, Malkia na Kandambili

Jumatatu, 12 Mei
Mke wangu Dainess kasema hii ndiyo safari yangu ya mwisho. Nikirudi na upuuzi tena, nitabaki Moshi kulea watoto, huku China, Guangzhou, atakuja mwenyewe. Kaniagiza jinzi za kuuza, za mji wa Xintang, basi. Jinzi! Nani hana jinzi? Dunia nzima inamcheka Mfalme Othmar wa huko Ulaya, kafumaniwa akiwa na mwalimu wa piano, malkia kamfungia mlango wa kasri. Nachapa fulana za katuni: mfalme nje na sanduku, malkia na kandambili mkononi. Mia tano. Akili ninayo!

Jumanne, 13 Mei
Laobani, yaani bosi, wa kiwanda cha kuchapa, jirani na soko la Zhanxi, kaomba picha ya mfalme. Nimemcheka. Nikamwambia anajulikana kote, tafuta kwenye simu yako. Akaitikia kwa kichwa, sawa. Odilia, ninayechangia naye kontena, kauliza jinzi ziko wapi. Nikasema zinashonwa. Mmbea huyu!

Alhamisi, 15 Mei
Mungu wangu! Laobani kumbe hamjui mfalme. Kweli katafuta kwenye simu, kakuta picha yangu ya WeChat, tunakoandikiana, ya harusi, Dainess kavaa taji. Akaona ndio mfalme na malkia wenyewe. Sasa fulana mia tano, mimi niko nje na sanduku, kitambi mpaka magotini, mke wangu ananikimbiza na kandambili. Nimemsihi achape upya. Mei you, hakuna. Nilikaa juu ya mzigo nikalia, sioni haya.

Ijumaa, 16 Mei
Odilia kachungulia mzigo. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kisha kapiga picha, kamtumia Dainess. Nimezima simu, nikaanza kufungasha. Kwisha habari yangu.

Jumamosi, 17 Mei
Nimewasha simu. Dainess kapiga hapo hapo. Baba Abigail, jinzi zangu ziko wapi? Nikakiri yote. Akaangua kicheko, kile cha enzi za uchumba. Wanawake wenzake wa soko la Kiboriloni wameiona picha, wanazitaka zote, na mia tatu nyingine. Nibaki, nichape hizo hizo, nisibuni kitu. Jamani, nampenda huyu mwanamke!

Jumapili, 18 Mei
Kanisani mahubiri sikuyasikia, nilikuwa nawaza. Nirudie katuni ile ile kwa nini? Mama yake malkia naye kahamia kasri, anamsema Othmar magazetini kila siku. Nimeagiza mia tatu za mama mkwe. Safari hii sitaki makosa, picha nimempa laobani mimi mwenyewe: mama yake Dainess, ile ya Krismasi. Atafurahi mno!